Kutoga Ulimi Mahali Pasipo pa Kawaida

Katika nyumba za pwani yetu binti alitogwa masikio angali mchanga, na pua pindi alipofikia umri wa kuvaa kipini, wala hapakuwa na haja ya mtu kuandika makala ya kumfundisha namna ya kuyauguza matundu hayo, kwa sababu mashangazi na mabibi waliomzunguka walilijua jambo hilo kuliko kitabu chochote. Ulimi haukuachiwa urithi wa namna hiyo. Kijana wa leo wa Mombasa, Dar es Salaam, London au Toronto anayetamani kipini cha ulimi hana bibi wa kumwuliza. Na ikiwa hatosheki na tundu moja la katikati lililozoeleka, akataka ncha ya ulimi wake itobolewe kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, au matundu mawili yasimame sambamba, au pete ipite chini ya ulimi, basi hata rafiki zake waliotangulia kutogwa aghalabu hawana la kumwambia. Huyo ndiye ninayemwandikia. Sikusudii kumkemea, maana mwili ni wake. Nakusudia ajue, kabla ya sindano kumgusa, jinsi ulimi wake ulivyoumbwa, na kazi ambayo kito chake kitaifanya kinywani kwa miaka yote atakayokaa nacho.

Kutoboa ulimi ni jambo la kale. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London limo bamba la jiwe lililochongwa na Wamaya wa mji wa Yaxchilan, katika nchi ambayo leo ni Meksiko, linaloonyesha ibada ya mwaka 709: malkia K'abal Xook amepiga magoti mbele ya mfalme, anavuta kamba yenye miiba ndani ya ulimi wake ili damu yake iwe sadaka. Na hata katika zama zetu, siku ya Thaipusam, wafuasi wa mungu Murugan wakusanyikao Batu Caves, karibu na Kuala Lumpur, hupitisha vyuma vyembamba mfano wa mikuki katika ndimi na mashavu yao. Lakini kamba ile ilivutwa ikatoka, na vyuma hivi huondolewa ibada ikiisha, na jeraha likaachwa lijifunge lenyewe, jambo ambalo ulimi hulifanya kwa wepesi wa ajabu kwa sababu ya wingi wa damu iliyomo. Kipini chetu hakitoki. Sindano ni kazi ya sekunde chache, ilhali kukaa na chuma kati ya meno ni kazi ya mchana na usiku, wakati wa kula, kusema na kulala. Na hasara wanayoipata watu wengi zaidi, nayo ni kuharibika kwa meno na kushuka kwa fizi, huletwa na kukaa huko. Kwa hiyo mwenye kutaka mahali pasipo pa kawaida asianze kwa kujitazama kiooni na kuuliza patapendeza wapi. Aanze kwa kuuliza: kito kikitulia, kitagusa nini?

Ulimi umefanywa kwa aina nane za misuli, kila aina ikiwa na jozi yake ya kulia na ya kushoto, na kati ya pande hizo mbili husimama kiambaza chembamba kisichopitiwa na mishipa mikubwa ya damu. Fundi atogaye katikati hukifuata kiambaza hicho, na ndiyo sababu tundu la katikati hutoka damu kidogo na kupona bila matata mengi. Kulia na kushoto kwake, karibu na upande wa chini, hupita ateri na vena za ulimi pamoja na neva za kuhisi na za kuusogeza. Ukiinua ulimi mbele ya kioo utaziona vena mbili zimejichora kwa rangi ya buluu, na katikati yake utauona utando unaoufunga ulimi kwenye sakafu ya kinywa. Watu hawalingani katika hayo. Kuna ambaye utando wake umeishia nyuma, ukamwachia nafasi tele, na kuna ambaye umefika karibu na ncha, akawa hafai kutogwa hata mahali pa kawaida, seuze pasipo pa kawaida. Hakuna awezaye kuyajua haya kwa picha wala kwa kuhadithiwa. Lazima kinywa kifunuliwe na taa imulike chini ya ulimi.

Sasa natazama mahali pale pale panapotakwa zaidi, na nitasema bila kuficha. Kuna kipini kinachopitishwa kwa mlalo katika ncha ya ulimi, gololi moja kulia na moja kushoto, ambacho wapenzi wake hukiita macho ya nyoka, kwa kuwa ulimi ukitolewa nje gololi hizo hufanana na macho. Nakuomba, ndugu msomaji, usikitie. Nimekwisha kueleza kwamba ulimi una pande mbili, na kila upande una mwendo wake. Chuma kimoja kinachozipita zote mbili huzifunga pamoja, mithili ya ng'ombe wawili waliotiwa nira, mmoja akitaka kugeuka na mwenziwe akitaka kusimama, na kinachoumia ni shingo. Fauka ya hayo, ncha ndiyo sehemu inayolala nyuma ya meno ya mbele saa zote, hivyo gololi hizo mbili huyakwaruza meno na kuusugua ufizi bila likizo, hata mwenyewe akiwa usingizini. Baada ya muda chuma huanza kuhama kuelekea juu, kikiacha kovu nyuma yake. Mafundi wengi wenye heshima katika kazi hii hukataa kukitoga kwa kiasi chochote cha fedha, nami nawaunga mkono bila shaka yoyote moyoni.

Anayependa sura hiyo ya gololi mbili anayo njia iliyo bora, nayo ni matundu mawili ya kusimama, moja kila upande wa kiambaza, kila moja na kipini chake, ili pande za ulimi zibaki huru kwenda zitakako. Nasema ni bora. Sisemi ni nyepesi. Tundu la pembeni hupita katika msuli wenyewe, likiwa jirani wa mishipa ya damu, kwa hiyo huuma zaidi na kuvimba zaidi kuliko la katikati, na nafasi iliyopo kati ya kiambaza na mshipa ni finyu mno hata haimfai fundi mwanafunzi. Vipini viwili ni gololi nne kinywani, na hatari kwa meno huongezeka kwa kadiri hiyo. Ulimi mwembamba haufai kwa kazi hii. Ulimi mpana ulio mzito huenda ukafaa, iwapo fundi ameuona na kuridhika, na iwapo matundu yatawekwa nyuma ya kutosha, kiasi cha sentimita 2 kutoka kwenye ncha, na kuinamishwa kidogo hata kichwa cha juu kielekee nyuma, pale ambapo kaakaa limeinuka na meno yako mbali.

Mahali pa tatu ni ule utando wa chini ya ulimi. Kuutoga ni jambo jepesi, maumivu yake ni madogo, na hauonekani ila kwa anayeonyeshwa. Walakini ngozi yake ni nyembamba, hivyo mwili hukisukuma kito taratibu mpaka kikatoka, na kando yake kabisa yamo matundu ya tezi za mate, ambako ukoga hujijenga upesi kuliko mahali pengine pote kinywani. Avaaye pete hapo ajue kwamba atakuwa na kazi ya kuisugua kila siku, na kwamba huenda asikae nayo miaka mingi.

Kumpata fundi ndiyo nusu ya jambo zima. Usimchague kwa bei wala kwa umashuhuri wa picha zake. Mchague kwa maswali anayokuuliza na kwa utayari wake wa kukataa. Fundi atakayekutazama chini ya ulimi kwa taa, akakaa kimya kidogo, kisha akakwambia kwamba ulimi wako haufai kwa unachokitaka, amekufanyia ihsani kubwa kuliko yule atakayekipokea kila ombi kwa tabasamu. Muombe akuonyeshe matundu ya namna hiyo hiyo aliyoyatoga, yakiwa yamekwisha kupona, maana tundu la siku ya kwanza halimsifu mtu. Atumie sindano iliyo wazi ndani, mpya, itokayo katika mfuko uliofungwa, na akupasulie mfuko huo mbele ya macho yako. Vyombo vyake vingine viwe vimepitishwa katika mtambo wa mvuke wenye shinikizo, kwa sababu maji ya moto na spiriti havitoshi kuua virusi vya homa ya ini. Akishika bastola ya kutogea masikio, ondoka. Nchini Marekani mafundi wa kazi hii waliunda chama chao, Association of Professional Piercers, mwaka 1994, na miongozo ya chama hicho juu ya usafi, madini na uuguzaji yafaa kusomwa hata na asiyewahi kufika huko.

Kito chenyewe kiwe cha titaniamu ya kiwango kile kinachowekwa mwilini na madaktari wa upasuaji, maana haina nikeli ya kuwawasha watu wa ngozi nyepesi. Vyuma visivyojulikana asili yake, vinavyouzwa kwa bei ya karanga, visiingie katika jeraha bichi.

Wapo wasiopasa kutogwa kabisa bila idhini ya daktari: mwenye kasoro ya vali za moyo, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vikiingia katika damu vyaweza kuushambulia utando wa ndani ya moyo, mwenye kisukari kisichotulia, anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, au ambaye damu yake haigandi upesi, na mama mjamzito. Wengine wote wahakikishe kwanza kwamba wamechanjwa dhidi ya pepopunda na homa ya ini aina B. Kuhusu umri, nchi hazifanani. Huko Wales, tangu mwaka 2018, sheria imeharimisha kumtoga ulimi aliye chini ya miaka 18, ikiuhesabu ulimi miongoni mwa sehemu za siri za mwili. Naiona sheria hiyo ni ya busara.

Wakati nao una hesabu yake. Muislamu anayefunga asitogwe katika Shaabani wala Ramadhani, kwa maana majuma ya mwanzo yanadai barafu, maji na kusukutua mchana, na haifai mtu aiharibu saumu yake au aliharibu jeraha lake kwa jambo ambalo lingeweza kungoja Shawali iingie. Mwalimu, mtangazaji, mwimbaji wa taarabu, na kila ambaye riziki yake iko katika kusema, atenge siku zisizopungua saba ambazo hatatakiwa kufungua kinywa mbele za watu.

Siku yenyewe ikifika, kula chakula cha kutosha saa moja au mbili kabla, piga mswaki, wala usinywe pombe au aspirini tangu jana yake, kwani zote mbili huzidisha kutoka damu. Fundi atachora alama kwa wino juu na chini ya ulimi. Omba kioo uzitazame alama hizo, na kama hukuridhika sema hapo hapo. Kisha ataushika ulimi kwa koleo, sindano itapita, na kipini kitaifuata. Usishangae kukiona kipini kirefu mno. Kimefanywa hivyo kwa makusudi, ili ulimi ukivimba upate nafasi, kwani ulimi uliovimba juu ya kipini kifupi humeza gololi zake, na kuzitoa humo ni kazi ya kisu.

Siku ya kwanza hupita kwa wepesi unaodanganya. Uvimbe huja kamili baina ya siku ya tatu na ya tano, na kwa mwenye matundu mawili ulimi waweza kujaa kinywa hata maneno yakakosa njia. Hayo ni ya kawaida, na dawa yake ni vipande vidogo vya barafu iliyofanywa kwa maji safi, viachwe viyeyuke taratibu kinywani, pamoja na dawa ya uvimbe kama aibuprofeni kwa anayeruhusiwa kuinywa. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Majimaji meupe au ya manjano hafifu yatakayotoka tunduni si usaha, ni limfu, yaani maji ya mwili yanayosafisha jeraha, usiyahangaikie.

Usafi wa tundu watu huukosea kwa kuzidisha zaidi ya kupunguza. Sukutua baada ya kila mlo na kabla ya kulala, mara nne au tano kwa siku na si zaidi, kwa dawa ya kinywa isiyo na spiriti, au kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kizima kikitiwa robo tu ya kijiko cha chai cha chumvi. Mwenye pupa hutia chumvi hata maji yakawa kama ya bahari, akasukutua kila saa akidhani anaharakisha kupona. Kumbe anaikausha nyama changa na kuua vijidudu vile vyema vinavyokilinda kinywa, na baada ya juma moja ulimi humtoka utando mweupe, akaulaumu ufundi wa aliyemtoga. Nunua mswaki mpya wenye manyoya laini. Usichezeshe kipini kwa meno wala kukizungusha. Usimpe mtu kikombe chako wala kupokea chake, na kinywa chako kisikutane na kinywa wala mwili wa mwingine, hata wa mwandani wako, mpaka jeraha lipone.

Katika chakula, mtindi baridi, uji uliopoa, maji ya dafu, mtori usio na viungo na ndizi zilizopondwa vitakuvusha juma la kwanza. Pilipili, achari, ndimu, ukwaju na chai ya moto viache. Tia matonge madogo pembeni, juu ya magego, na utafune polepole ulimi ukiwa umetulia, kwa sababu gololi ikiingia kati ya magego jino ndilo linalopasuka. Sigara na ugoro huchelewesha kupona. Na hapa nawakumbusha hasa ndugu zetu wanaokula miraa au tambuu: majani yanayokaa shavuni saa nyingi, yakitafunwa na kurundikwa karibu na jeraha, huacha makapi tunduni, tena chokaa ya tambuu huunguza nyama iliyo bichi. Asiyeweza kuviacha vitu hivi kwa miezi miwili na asubiri kutogwa mpaka aweze.

Usemi utabadilika. Herufi za mwanzo za maneno thamani na dhahabu hutamkwa kwa ncha ya ulimi iliyotokeza kati ya meno, na ndizo zitakazokuwa za mwisho kurudi katika ufasaha wake. Anayesoma Qurani kwa tajwidi, ambamo kila herufi ina makhraji yake, yaani mahali inapotamkiwa, ataona ugumu huo kuliko sisi wengine, na yampasa aupime mapema. Soma kwa sauti kila siku baada ya uvimbe kushuka. Kwa wengi matamshi hurejea kipini kirefu kikishaondolewa.

Kuondoa kipini kirefu ndiyo hatua wanayoisahau watu wengi kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua hatima ya meno yao. Baina ya juma la pili na la nne, uvimbe ukishatulia, rudi kwa fundi akupime na kukutilia kipini kifupi kinachoutosha ulimi bila kuning'inia. Mwaka 2002 jarida la Marekani liitwalo Journal of Periodontology lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 52 wenye vipini vya ulimi: miongoni mwa waliovaa vipini virefu kwa miaka miwili au zaidi, nusu yao fizi zilikuwa zimeshuka nyuma ya meno ya mbele ya chini, na miongoni mwa waliovaa miaka minne au zaidi, asilimia 47 walikuwa na magego yaliyomeguka. Uchunguzi huo ulihusu zaidi matundu ya kawaida ya katikati. Mwenye gololi nne, au mwenye kito kilicho karibu zaidi na meno, naye ajikadirie mwenyewe.

Tundu la katikati hupona kwa majuma sita hadi manane. Ya pembeni huchukua muda mrefu zaidi. Katika muda huo ziko dalili ambazo hazingoji fundi wala kesho: uvimbe unaoshuka chini ya taya na kufanya sakafu ya kinywa kuwa ngumu, mate yasiyomezeka, sauti iliyozibika, homa, au pumzi inayopita kwa shida. Ugonjwa wenye dalili hizo ulielezwa na tabibu Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, nao huziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache. Nenda hospitali usiku huo huo, na mwambie daktari kwa neno la kwanza kwamba umetogwa ulimi. Kama ni usaha na maumivu ya kawaida, muone daktari pia, wala usikivue kito kwa mikono yako kabla hajakuona, maana tundu litafumba na uchafu ubaki ndani.

Baada ya kupona, kaza gololi kila asubuhi kwa mikono safi, sugua kipini kwa mswaki kama unavyosugua meno, na mwendee daktari wa meno kila baada ya miezi sita, umwombe akutazame upande wa nyuma wa meno ya mbele, ambao wewe mwenyewe huwezi kuuona vizuri. Ukitakiwa kupasuliwa au kupigwa picha za kinywa, panga mapema na fundi akutilie cha plastiki cha muda, kwa sababu tundu changa hujifunga kwa saa chache. Na siku daktari atakapokwambia kwamba ufizi umeanza kushuka, kivue kabla hujatoka chumbani mwake. Ufizi ulioshuka haurudi wenyewe, na kuushonea mwingine ni upasuaji wa gharama, ilhali tundu la ulimi litafumba bila msaada wa mtu na kuacha alama ndogo juu na nyingine chini.